Kombe kubwa limetoka futi 14 chini ya ardhi Kisauni: limegeuka jiwe au ni mabaki ya chakula cha wazee?

#1 Fundi_Mjambere
Salaam wana jukwaa. Juzi tulikuwa tunachimba shimo la choo hapa Kisauni, Mombasa, kwa mama mmoja jirani. Juu ni udongo mwekundu kama futi 4, kisha jiwe la tumbawe, lile ambalo sululu ikipiga inaruka. Tulipofika futi 14 (nimepima kwa kamba ya ndoo) mwenzangu akagonga kitu kikatoa mlio mwingine. Tukakichonga pole pole kwa patasi nusu siku nzima. Ni kombe, wallahi, kombe zima, pande mbili zimefumbana. Kutoka ncha hadi ncha ni sentimita 31 kwa tepu. Mgongoni lina mikunjo mikubwa 5 kama mawimbi, na mdomo unapanda na kushuka kufuata hiyo mikunjo. Rangi ni ya chaki. Ndani limejaa jiwe tupu. Huwezi kulibeba kwa mkono mmoja.

Picha ni hizo 3. Maswali yangu mawili: kombe gani hili, na limefikaje huko chini ilhali bahari iko mbali kiasi hiki? Mwenye nyumba amesema nilitupe, linamtia hofu. Mimi sitaki kulitupa.

#2 Kijana_Bombolulu
Nimeona "kombe kubwa" nikafungua mbio nikidhani ni habari za mpira. Haya, nishaingia, nakaa. Fundi, kidole chako si kipimo. Weka sarafu ya shilingi ishirini kando ya kombe upige tena picha.

#3 Nahodha_Mtwapa
Huyo namjua. Ni yule kombe mkubwa wa mwambani, aliye hai huwa na midomo ya rangi, buluu, kijani, mara ya zambarau yenye madoa. Ukimpita juu kivuli chako kikamwangukia, anajifumba. Wazee walikuwa wakimla. Kwa hiyo jibu langu ni fupi: mtu alimla, akatupa gamba kisimani, kisima kikafukiwa. Kisauni imekaliwa na watu zamani sana.

#4 Mwalimu_wa_Tudor
Fundi, hongera kwa kupima kabla ya kuuliza. Wengi hapa huleta picha iliyotikisika na kusema "hili ni nini".

Jina la ukoo wake ni Tridacna. Mikunjo minene inayotoka sehemu moja kama kipepeo cha mkono, na mdomo wa mawimbi unaoingiana upande kwa upande, hakuna kombe jingine la pwani yetu lenye hivyo viwili kwa ukubwa huo. Kenya tuna aina mbili zinazojulikana sana, Tridacna maxima na Tridacna squamosa. Ukitafuta kwenye intaneti utaambiwa ni T. gigas, yule anayepita mita moja. Usikubali. Gigas ni wa mashariki zaidi, kuanzia pande za Thailand na Indonesia kwenda Pasifiki. Kwetu hayuko.

Kutofautisha hao wawili: squamosa ana vibanzi vimesimama juu ya mikunjo kama vigae vya paa, vimeachana, na umbo lake kushoto na kulia linakaribia kulingana. Maxima amevutwa upande mmoja, na karibu na bawaba, upande wa chini, ana tundu pana la kupitishia nyuzi za kujishikizia mwambani. Tupigie picha ya upande wa bawaba tafadhali.

#5 Fundi_Mjambere
Ahsante mwalimu. Picha hiyo hapo. Upande wa bawaba kuna tundu lakini limejaa jiwe, sijui lilikuwa pana kiasi gani. Vibanzi sivioni, ila kuna alama kama makovu mahali ambapo pengine vilikuwepo. Shilingi ishirini nimeiweka, Bombolulu aridhike.

#6 Mwalimu_wa_Tudor
Tundu linanipeleka kwa maxima. Makovu yananirudisha kwa squamosa. Naomba muda.

#7 Mzee_wa_Kuze
Wanangu, mnashangaa kombe moja. Mimi nimezaliwa Mji wa Kale, na kisima cha nyumba yetu kilichongwa kwenye jiwe hilo hilo. Utotoni nikiteremshwa ndani kwa kamba kuokota ndoo, nilikuwa nikiona ukutani matumbawe ya kila namna, mengine kama ubongo, mengine kama vidole, na makombe katikati yake. Nyumba zetu zimejengwa kwa jiwe hilo, chokaa yetu imechomwa kutokana nalo. Wareno walipoanza kujenga Ngomeni (Fort Jesus) mwaka 1593 waliichonga chini yake kwenye mwamba huo huo. Maji yakipwa shuka upande wa bahari uangalie mwamba wenyewe. Au nenda Mama Ngina, panapouzwa mihogo, utazame jabali linaloliwa na mawimbi. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki ni mwamba wa bahari ulioachwa nchi kavu.

Basi Nahodha, heshima yako, lakini hakuna aliyekula akatupa.

#8 Nahodha_Mtwapa
Mzee shikamoo. Sikatai kwamba jiwe ni la bahari. Nasema kombe hili moja linaweza kuwa mgeni ndani ya jiwe.

#9 Mwamba_Mtulivu
Nimesoma mambo ya miamba, nichangie. Mzee wa Kuze yuko sawa. Ukanda huu wa jiwe la tumbawe, kuanzia kusini hadi Malindi na kuendelea, ni miamba ya bahari ya enzi ya Plaistosini. Sehemu kubwa inayoonekana leo ilijijenga miaka kama 125,000 iliyopita, wakati dunia ilikuwa na joto na barafu ya ncha za dunia ilikuwa imepungua. Bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilipo leo. Baadaye barafu ikarudi, na miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilipo leo kwa mita kama 120. Wakati huo Kilindini na Tudor yalikuwa mabonde ya mito tu. Maji yalipopanda tena ndipo yakawa mikono ya bahari tunayovuka kwa feri na madaraja.

Sasa swali kwa Fundi, na ndilo kubwa kuliko jina la kombe: lilikuwa limekaaje? Bawaba chini na mdomo juu, au limelala ubavu, au kichwa chini? Na uwanja wenyewe uko mita ngapi juu ya bahari?

#10 Fundi_Mjambere
Hapo umenishika. Tulipolipata tulikuwa na furaha, tukalichonga huku na huku likatoka. Sikuangalia lilivyokaa. Simu yangu inasema uwanja uko mita 12.

#11 Kijana_Bombolulu
Simu ya urefu usiiamini bwana. Yangu jana imeniambia niko mita 31 na nilikuwa nimekaa mchangani Pirates naangalia mawimbi.

#12 MamaNuru_Likoni
Nacheka na Bombolulu lakini ana hoja. Mimi nakusanya makombe tangu mwaka 2009, ya kawaida na yaliyogeuka jiwe, na kosa la Fundi nimelifanya mara nyingi. Tunaona kitu kizuri, tunakichomoa, tunakiosha, tunakiweka dirishani. Kombe lililochomolewa bila kuandikwa lilipokaa ni sawa na barua iliyochanwa bahasha: unajua imeandikwa nini, hujui imetoka wapi. Mimi nina visanduku viwili vya makombe mazuri ambayo siwezi kumwambia mtu lolote juu yake.

Fundi, shimo bado liko wazi? Kama liko, shuka. Kombe la sentimita 31 halitoki bila kuacha kitako chake kwenye jiwe. Utaona lilivyokaa. Piga picha kuta zote nne kabla hawajamimina zege.

#13 Ustadh_Mtongwe
Assalaam alaykum. Ndugu zangu mbona hamtaji gharika ya Nabii Nuhu? Maji yalifunika nchi, yakaondoka, viumbe vya bahari vikabaki. Kombe lililo mbali na bahari ni ushahidi wa wazi.

#14 Mwalimu_wa_Tudor
Wa alaykum salaam Ustadh. Habari ya gharika ninaiamini kama wewe. Lakini kwa jiwe hili sidhani ndiyo maelezo yake. Maji ya mafuriko hubeba na kuchanganya: mchanga, magogo, makombe yaliyovunjika, vyote pamoja. Ukuta wa jiwe letu unaonyesha matumbawe yamesimama yalipoota, dogo juu ya kubwa, futi kwa futi. Tumbawe kubwa la duara huongezeka kama sentimita moja hivi kwa mwaka. Hiyo ni kazi ya maelfu ya miaka ya maji safi yaliyotulia. Na huyu kombe ana mwani mdogo sana unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa nguvu ya jua, ndiyo maana ana rangi zile alizosema Nahodha. Hawezi kuishi kwenye maji ya tope.

#15 Ustadh_Mtongwe
Nimekusikia mwalimu. Mungu ana njia nyingi, na muda pia ni wake. Nafuatilia.

#16 Dada_wa_Changamwe
Samahani kuingilia, na mimi nina langu. Kaka yangu aliokota hiki kando ya barabara Miritini, walipokata kilima. Kimebapa, ukubwa wa kiganja, rangi ya kijivu-hudhurungi, kina mistari mingi iliyoinuka. Kilikuwa ndani ya donge la duara kama andazi, likapasuka. Tumekuwa tukisema ni kombe. Picha hiyo. Na chenyewe ni cha miaka 125,000?

#17 Mwamba_Mtulivu
Dada, hapana, na ahsante kwa kuleta. Miritini na Changamwe mko juu ya mwamba mwingine kabisa. Ukivuka Makupa kuelekea bara unaacha jiwe la tumbawe na kuingia kwenye mwamba wa tope unaobanduka tabaka tabaka, wa enzi ya Jurasiki. Hiyo ni zaidi ya miaka milioni 145. Madonge ya duara ndani yake ni ya kawaida: tope hugandamana kuzunguka kitu kilichokufa, na ndani mara nyingi hukuta amonaiti, mnyama wa ukoo wa pweza na ngisi aliyekuwa na gamba la kujizungusha. Amonaiti za Mombasa zilifika Ulaya tangu miaka ya 1870, na Beyrich wa Berlin aliandika juu yake.

Kwa hiyo nadhani ulicho nacho ni kipande cha amonaiti. Sio kombe.

#18 Dada_wa_Changamwe
Milioni 145! Kilikuwa kinazuia mlango usipigwe na upepo.

#19 Mdau_Lindi
Wakuu salaam kutoka Lindi. Mwamba_Mtulivu, nakupinga kidogo kwa heshima. Kwenye picha ya dada mistari haizunguki, inatoka pembeni ikiwa na vinundu. Huku kwetu Tendaguru, pale Wajerumani walipochimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, watu wanakumbuka mifupa tu. Wanasahau kwamba kuna tabaka lililopewa jina la kombe, Trigonia smeei. Trigonia ni kombe la pembe tatu, zito, lenye safu za vinundu au mikunjo. Cha dada kinanikumbusha hilo. Na umri unakaribiana, maana Tendaguru nayo ni Jurasiki ya mwisho.

#20 Mwamba_Mtulivu
Inawezekana. Dada, fuata mstari mmoja kwa ukucha. Je, yote inaanzia nukta moja ikitawanyika, au imepangana kukata ukanda unaopinda? Ikianzia nukta moja ni kombe. Ikikata ukanda unaopinda ni amonaiti.

#21 Dada_wa_Changamwe
Nusu yake imevunjika. Nikifuata kushoto inaelekea nukta moja. Nikifuata kulia inapinda.

#22 Kijana_Bombolulu
Dada ana mnyama mwenye vyama viwili.

#23 Mwalimu_wa_Tudor
Kuna wa tatu pia. Brakiopodi. Kwa jicho la haraka anafanana na kombe, lakini hana undugu wa karibu na kombe. Kipimo chake ni rahisi na watoto darasani hukipenda: kombe likifumbana, upande wa kulia na wa kushoto ni kama viganja viwili vya mtu anayeomba dua, vinalingana, ila kila kiganja chenyewe kimeelekea upande. Brakiopodi ni kinyume: pande mbili hazilingani, moja kubwa moja ndogo, lakini kila moja ukiikata katikati nusu zinalingana. Cha dada kwa kuwa ni upande mmoja uliovunjika, kipimo kinakwama.

#24 MamaNuru_Likoni
Na msisahau chaza. Chaza haliheshimu kipimo hicho, pande zake hazilingani na umbo hufuata alipokaa. Nimewahi kubishana wiki tatu juu ya "ukucha wa dinosaria" wa rafiki yangu, kumbe ni chaza la kale lililojikunja.

Pia kuna jambo la maumbile ya jiwe. Makombe mengi, gamba lake ni aragonaiti, aina ya chokaa inayoyeyuka kirahisi na mvua ya miaka mingi. La chaza ni kalsaiti, aina nyingine ya chokaa, linadumu. Ndiyo maana sehemu nyingi unakuta chaza wamebaki na gamba na makombe mengine yamebaki tundu tu, au tope lililojaa ndani limebaki bila gamba. Hilo tope la ndani likiwa la kombe nene hufanana na moyo. Watu huku Kwale nimewasikia wakiliita moyo wa jiwe.

Sasa cha Fundi: gamba bado lipo? Tafuta mahali palipomeguka, tazama kwa miwani ya kukuzia. Likiwa na utando utando laini wenye kung'aa kama kaure, gamba la asili limesalia. Likiwa na chembechembe kama sukari, limegeuka kalsaiti, na hapo habari ya chakula cha wazee inakuwa ngumu.

#25 Fundi_Mjambere
Nimerudi. Nimeshuka shimoni asubuhi hii na tochi, mwenye nyumba akiniombea dua juu. Haya niliyoyaona:

Kitako kipo. Limelala ubavu, mdomo umeelekea kaskazini, sio juu. Futi moja pembeni yake kuna jingine, dogo, la sentimita 18 hivi, na hilo limesimama mdomo juu! Sijaligusa, MamaNuru. Kuta tatu ni tumbawe tupu. Ukuta wa nne, upande lilipokuwa kombe kubwa, una ufa mpana wa kiganja uliojaa udongo mwekundu kama ule wa juu.

Nilipomegua kichembe, ndani ni kama sukari. Lakini upande wa bawaba, penye unene, kuna kipande kinang'aa.

#26 Nahodha_Mtwapa
Ufa wenye udongo mwekundu! Si nilisema. Kitu kimetoka juu kikateremka na ufa.

#27 Mwamba_Mtulivu
Nahodha, hoja yako sasa ina miguu. Jiwe hili huyeyuka na mvua, linafanya nyufa na mapango, na vitu vya juu huanguka ndani. Ila kumbuka kombe limejaa jiwe ndani, sio udongo.

#28 Nahodha_Mtwapa
Na jiwe linachukua muda gani kuganda? Mimi nimeona kule ufukweni mchanga ulioganda ukawa mwamba na ndani yake kuna kipande cha chupa ya soda. Chupa ya soda si ya miaka 125,000.

#29 Mwamba_Mtulivu
Hilo ni kweli. Mchanga wa ufukweni kwenye nchi za joto huweza kugandishwa na chokaa ya maji kwa miongo michache tu. Jiwe peke yake si ushahidi wa uzee. Lakini hilo hutokea pale maji ya chumvi yanapopanda na kushuka, sio futi 14 ndani ya uwanja wa Kisauni.

#30 Msituni_Kilifi
Nami niongeze upande wa Nahodha. Watu wa pwani hii wamebeba vitu vya bahari kwenda bara tangu zamani mno. Pango la Panga ya Saidi huku Kilifi, lilipofukuliwa kaburi la mtoto wa miaka 78,000, habari zake zilitoka 2021, limetoa pia shanga za makombe ya bahari. Na pango liko kilomita kama 15 kutoka ufukweni. Kwa hiyo "mbali na bahari" haimaanishi "hakubeba mtu". Nami nimeona magofu ya Jumba la Mtwana yakiwa na makombe ardhini kila hatua.

#31 MamaNuru_Likoni
Msituni, jalala la chakula lina sura yake. Makombe ya jalalani yamefunguliwa, pande zimetengana, mengi yana alama ya kuvunjwa au moto, na ni ya aina chache ambazo watu hupenda kula. Yako pamoja na mifupa ya samaki, vigae, majivu. Cha Fundi kimefumbana. Nani anakula kombe bila kulifungua? Kombe likifa baharini bawaba yake huachia na pande hutengana baada ya muda mfupi. Kulikuta limefumbana maana yake lilizikwa upesi.

#32 Nahodha_Mtwapa
Huyu mkubwa ni mzito, bi mkubwa. Akikaa kwenye shimo lake la mwamba hatengani hata akifa. Nimewakuta hivyo mwambani, wamekufa, wamefumbana, wamejaa mchanga.

#33 MamaNuru_Likoni
Hilo nalichukua, baba. Sikulijua.

#34 Mwalimu_wa_Tudor
Mimi kinachonikosesha usingizi ni hesabu ya urefu. Tuseme simu ya Fundi inasema kweli, mita 12. Toa futi 14, yaani mita 4 na robo. Kombe lilikuwa kwenye mita 7 na robo tatu juu ya bahari ya leo. Kama bahari ya wakati ule ilifika mita 6 tu, kombe lilikuwa nchi kavu. Kama ilifika 9, sawa, kulikuwa na maji kiasi cha mita moja juu yake. Na maji yetu yana kupwa na kujaa kwa mita 3 na ushei wakati wa bamvua. Maxima huvumilia kuachwa juu ya maji kwa muda. Squamosa hupenda kubaki majini zaidi. Kwa hiyo jina la kombe lingetusaidia kujua bahari ilifika wapi, na kimo cha bahari kingetusaidia kupata jina la kombe.

#35 Kijana_Bombolulu
Na vyote viwili vimesimama juu ya simu ya Fundi.

#36 Mwamba_Mtulivu
Bombolulu leo umesema jambo. Kuna alama za urefu zilizowekwa na wapima ardhi, zipo mjini. Fundi akimpata mpima mwenye kifaa, dakika kumi zinatosha. Pia ardhi yenyewe inaweza kuwa imeinuka au kuzama kidogo kwa muda wote huo.

#37 Fundi_Mjambere
Je, hakuna maabara ya kupima umri moja kwa moja? Nimesikia habari ya kaboni.

#38 Mwamba_Mtulivu
Kaboni inafika kama miaka 50,000, zaidi ya hapo inakwama. Lakini kwa mabishano ya hapa ingefaa: ikitoa miaka 600 au 900, Nahodha ameshinda. Tatizo ni hiyo sukari. Gamba lililogeuka kalsaiti limepokea kaboni mpya kutoka kwenye maji ya mvua, linaweza kuonekana changa kuliko lilivyo. Ingebidi wachukue kile kipande kinachong'aa. Kwa umri mkubwa hutumiwa urani, lakini kwenye tumbawe, si kwenye kombe. Tumbawe huchukua urani ya bahari likiwa hai. Kombe huinyonya baada ya kufa, hesabu inavurugika. Kwa hiyo tumbawe lililogusana na lile kombe dogo lililosimama ndilo lenye thamani, kama halijageuka nalo.

#39 MamaNuru_Likoni
Ndiyo maana lile dogo lisitoke!!

#40 Mzee_wa_Kuze
Mwanangu Fundi, kabla ya maabara kuna sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu kama hivi vitolewe taarifa kwa Makavazi ya Taifa, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nenda Ngomeni, watakuelekeza. Chukua picha, vipimo na mchoro wa shimo. Na mtu akikufuata akitaka kununua, mkatalie.

#41 Dada_wa_Changamwe
Mzee umenikumbusha. Shangazi yangu aliuziwa "kombe la miaka milioni" ufukweni na kijana mmoja, akalipa pesa nyingi. Akaliosha, likatoa harufu ya nyama iliyooza. Alilia.

#42 Nahodha_Mtwapa
Hilo linaniuma zaidi. Hawa wakubwa walikuwa wengi mwambani nilipoanza kuvua na baba, sasa napita siku nzima nisione. Wamo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa, ya viumbe ambavyo biashara yake inadhibitiwa, na ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa kuchukua hata gamba tupu hairuhusiwi. Watalii wananunua, vijana wanachokoa. Kama hili la Fundi ni la kale kweli, basi wamekaa hapa muda wote huo na sisi tunawamaliza kwa maisha ya mtu mmoja.

#43 Mwalimu_wa_Tudor
Nahodha, kwa hiyo unaanza kukubali ni la kale?

#44 Nahodha_Mtwapa
Dogo lililosimama, ndiyo. Kubwa lililo kando ya ufa, bado.

#45 Msituni_Kilifi
Hapo nami nipo.

#46 Fundi_Mjambere
Nimezungumza na mwenye nyumba. Amekubali tusubiri hadi Alhamisi, na tuchimbe shimo jingine upande wa pili wa mwembe. Nilimwonyesha lile dogo kwa tochi, akainama akalitazama kimya, kisha akasema "kumbe limekaa kama liko hai". Hofu imepungua. Kesho nakwenda Ngomeni na picha. Mpima ardhi nimempata, ni mjomba wa mwenzangu, atakuja Jumatano.

Mwalimu, nimesugua yale makovu kwa mswaki na maji. Yako safu mbili kwenye kila mkunjo, yameachana kama upana wa vidole viwili.

#47 Mwalimu_wa_Tudor
Vidole viwili! Squamosa basi. Ingawa lile tundu…

#48 MamaNuru_Likoni
Mwalimu, vidole vya Fundi au vyako?

#49 Dada_wa_Changamwe
Jamani na mimi msinisahau. Kaka amerudi Miritini ameokota nusu ya pili ya donge. Haishikani vizuri na ya kwanza lakini mistari inafanana. Napiga picha kesho mchana kwenye mwanga wa jua.

#50 Mdau_Lindi
Piga na upande wa bawaba dada. Trigonia ina meno makubwa yenye mifereji, ukiyaona huwezi kuyasahau.

#51 Kijana_Bombolulu
Nimechukua tochi nikakagua ukuta wa nyumba yetu, ni ya mawe ya timbo, haijapigwa plasta nyuma. Kuna kombe! Mstari wa nne kutoka chini, kando ya bomba. Picha hiyo, na sarafu nimeweka.

#52 MamaNuru_Likoni
Hilo ni tumbawe, mwanangu. Ona vijumba vidogo vya nyota.

#53 Nahodha_Mtwapa
Kulia kwake, MamaNuru. Chini ya sarafu. Hiyo mikunjo.

#54 MamaNuru_Likoni
Bombolulu, ondoa sarafu upige tena.